Mkono wa Mheshimiwa Begani

Mheshimiwa alikuwa na mkono wa kulia mzuri kuliko uso wake, naye alilijua hilo. Vidole virefu, kucha safi, saa ya mkanda wa chuma ambayo aliivuta nyuma kidogo kila mara kabla ya kuinua ngumi. Nilipokuwa nikiosha picha zake katika chumba changu cha giza pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, mkono ndio uliotangulia kujitokeza kwenye karatasi, mweusi tii juu ya shati jeupe, uso ukafuata baadaye kwa uvivu. Mwanzoni niliupenda. Halafu nikauzoea, halafu nikauchukia, na mpaka leo nikimwona mwanasiasa amemshika mtu bega huku macho yake yako kwenye kamera, mate hunijaa mdomoni nikatafuta pa kutema.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Nilipiga picha za vitambulisho, za ubatizo, za harusi za Jumamosi, na kuliko zote, za matanga. Majirani wengi walikuwa watu wa magharibi mwa nchi kama mimi, wafanyakazi wa reli na wa kanjo, yaani baraza la jiji, na watoto wao waliokuwa vibarua viwandani. Mtu akifa, maiti husafirishwa nyumbani, na juu ya jeneza huwekwa picha yake. Hapo ndipo nilipopata riziki, kwa sababu wengi wetu hatukuwa tumepigwa picha peke yetu maishani. Picha iliyopo ni ya harusi ya binamu, marehemu amebanwa katikati ya mashangazi, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mtu.

Na sheria ilikuwa moja: picha ya jeneza haiwi na mtu aliye hai. Kumweka mzima pale ni kumwita amfuate mwenzake. Hakuna aliyelieleza zaidi ya hapo, na hakuna aliyelibishia, hata wazee wa kanisa. Kwa hivyo nilikata. Nilimtoa marehemu kati ya watu, nikampiga upya, nikamkuza. Vile vipande vya wazima havikutupwa. Nilivitia kwenye bahasha, na kila mtu akaja kuchukua chake. Nimewahi kumwona karani wa kanjo akija saa ya chakula cha mchana, na tai yake shingoni, kuchukua kichwa chake mwenyewe. Alikitia mfukoni mwa koti bila hata kutabasamu, akarudi kazini.

Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini, watu wakidai vyama vingi. Mimi niliamini. Hapo asinishuku mtu. Nililelewa katika nyumba ambayo baba yangu, mtu wa reli, alibandika ukutani kwa uji wa ngano picha za viongozi weusi alizozikata magazetini: wa hapa kwetu, wa kusini, wa ng'ambo, wengine wametoka jela, wengine wamekwisha kuuawa. Nililala nikiwatazama. Niliposhika kamera nilitaka wa wakati wetu nao wapigwe picha za namna ile, ili watoto wa mitaa hii wawe na wa kubandika.

Ndiyo maana Mheshimiwa aliponiita nilikwenda mbio. Wakati huo hakuwa hata diwani, lakini alitaka aitwe Mheshimiwa ili ndimi za watu zizoee. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za maandamano ya watu weusi wa Marekani, na ameweka njiti za kiberiti kwenye kurasa anazozitaka. Akakifungua mezani.

"Unamwona huyu? Anavyoangalia mbali, kidevu kimeinuka? Nataka nitoke hivyo."

Nikamwambia yule mtu hakujua kwamba anapigwa picha.

"Nani alikuambia?" akasema, akacheka, akafunua ukurasa mwingine.

Jioni ile nilikwenda kwa baba, nikazitazama zile picha zake ukutani, nikajikuta nashuku kila kidevu. Hilo sijamsamehe Mheshimiwa.

Uwanjani kwenye mikutano, Mheshimiwa alikuwa na utaratibu wake. Hakushuka kwenye gari mpaka nimpe ishara kwamba filamu iko tayari. Alikuja na kitambaa cheupe kimeloweshwa maji tangu nyumbani, kimekunjwa vizuri, kwa ajili ya gesi ya machozi ambayo polisi walikuwa bado hawajairusha. Ikirushwa, watu wakitawanyika na kuanguka mitaroni, yeye alisimama pembeni ambako upepo hauleti moshi, kitambaa mdomoni, ngumi juu, akiniuliza kwa jicho kama nimempata. Nikitikisa kichwa kwamba nimempata, dereva analeta gari.

Yeye akishaondoka, mimi nilibaki na viatu. Mkutano ukivunjwa huacha viatu vingi, vya mguu mmoja mmoja, patipati na raba za vibarua, na wenyewe wako mbioni huko peku. Nilivipiga picha hivyo pia, kwa sababu nilidhani ndivyo vilivyosema ukweli wa siku. Nikampelekea Mheshimiwa. Alizipitia haraka haraka akazirudisha.

"Viatu havipigi kura," akasema.

Kati ya vijana waliotangulia mbele ya umati kulikuwa na mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wa pekee wa mama mjane aliyefuma vitambaa vya makochi. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni. Jumamosi akitoka kazini alipitia kwangu na shati lake la miraba, chumba kizima kikanukia sabuni ya kufulia, akauliza picha za mkutano.

"Niaje, mkubwa. Za uwanjani zimetoka?"

"Zimetoka. Wewe hauko hata moja."

"Si ni sawa. Bora mzee ameonekana. Hii kitu si yangu, ni ya sisi wote."

Alisema hivyo bila kujigamba, akaketi akazitazama moja moja. Nilimwonea huruma, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu imani yangu ilikuwa imeshaanza kuchacha.

Asubuhi moja Mheshimiwa aliona kwamba katika picha zake nyingi yuko peke yake, akasema zinamwonyesha kama mtu asiye na watu. Tulikuwa nje ya studio, vijana wamesimama karibu na gari lake. Akatupa macho, akamwona yule wa shati la miraba, akamwita kwa kidole, akamwekea mkono begani. Hakumuuliza anaitwa nani. Nikapiga. Mheshimiwa alikuwa akinitazama mimi. Kijana alikuwa akimtazama Mheshimiwa, na sijawahi kupiga uso wenye furaha kama ule, hata wa bibi harusi. Nilipoiosha, nakala moja nilimpelekea Mheshimiwa, nyingine nikamwekea kijana hadi Jumamosi.

Kabla ya Jumamosi kulikuwa na mkutano, ukavunjwa hata haujaanza. Kijana alipigwa rungu kichwani. Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka na gari, nami nilikuwa nimeshampata na kitambaa chake mdomoni. Nilimpigia simu nikamwambia kijana amelazwa, hazungumzi. Akasema nimpe pole, atatafuta nafasi ya kuja. Kijana alikaa hospitalini siku chache, akafa.

Mama yake alikuja mwenyewe studio, kitambaa cha kanisa kichwani. Hakulia mbele yangu. Kitambulisho cha mwanawe kilipotelea uwanjani, na nyumbani hapakuwa na picha yake isipokuwa ya utotoni.

"Mwanangu, nimesikia uko na picha yake," akasema.

Nikampa. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya uso ule.

"Kwangu hakuwa anacheka hivi," akasema. Kisha kidole kikafika begani, kikasimama. "Huu mkono utoe. Nataka nimpeleke nyumbani akiwa wangu."

Nikadhani ni kazi ndogo. Mheshimiwa mwenyewe aliondoka kwa urahisi, mwili wote, kichwa na kifua na saa, lakini vidole vikabaki begani. Nikakata ndani zaidi, vikabaki karibu na kola. Nikakata chini ya kidevu, kijana akawa kichwa kisicho na shingo, na hakuna mama wa kwetu atakayekubali mwanawe aende hivyo. Picha ya jeneza hufika kifuani. Nikachukua brashi na wino, nikajaribu kuugeuza mkono uwe shati. Shati lilikuwa la miraba. Mistari ikakataa kukutana, na mkono ukaonekana uko palepale, umejificha chini ya kitambaa kama panya chini ya blanketi. Niliharibu karatasi baada ya karatasi. Mwishowe nilitema kwenye ndoo ya maji ya kusuuzia, jambo ambalo mpiga picha hafanyi.

Nikiwa katika kuhangaika hivyo, watu wawili wa Mheshimiwa wakaja wakiwa na bashasha. Mheshimiwa atatoa basi, atatoa jeneza zuri, ataleta vipaza sauti na kuzungumza kaburini, na ile picha itakuzwa iwe kubwa kama mlango, mkono na yote, ibebwe mbele ya watu. Walitaka niwapeleke kwa mama. Nikawapeleka. Aliwasikiliza akifuma, hakuinua macho.

"Atakuja kumzika mwanangu ama atakuja kuongea?"

"Mama, yote mawili."

"Achague."

Mmoja akaanza kumweleza kwamba kijana sasa ni wa taifa, ni shujaa wa watu wote. Mama akamwambia shujaa alikuwa na zamu ya kuchota maji, na ndoo iko pale kama yeye anataka kumsaidia. Wakanitazama, nikatazama ndoo. Mheshimiwa hakuchagua, hakuja, na basi lake halikuja. Akina mama wa kanisa na vibarua wenzake kiwandani walichanga, tukapata basi la kutufikisha nyumbani.

Asubuhi ya safari nilimpelekea mama picha nikamwambia nimeshindwa. Hakunilaumu. Alifungua mkebe wake wa nyuzi, akatoa mkasi mdogo, akaukata ule mkono kwa kuuzunguka polepole, kidole kwa kidole, asiguse shingo ya mwanawe. Picha ikabaki na pengo begani. Ilipowekwa juu ya jeneza, mbao zilionekana kupitia lile pengo, na watu wakashindwa kutazama kitu kingine. Kaburini mwanamke mmoja alimuuliza mama kwa sauti ya chini pale palikuwa na nini.

"Palikuwa na mtu," akamjibu.

Hakueleza zaidi, kwa hivyo watu walieleza wenyewe. Tuliporudi Nairobi, habari ilikuwa imeshatutangulia mtaani: mama wa vitambaa amekata mkono wa Mheshimiwa akauzika na mwanawe. Nilimuuliza kama nikanushe. Akasema niwaache.

Nilidhani yameishia hapo. Uchaguzi ulipokaribia nikaamka siku moja nikamkuta kijana ukutani kwa kinyozi. Alikuwa kwenye kila ukuta, kuanzia Ziwani mpaka njia ya Kangundo huko Njiru, anacheka, na mkono uko begani. Watu wa Mheshimiwa walikuwa wameipiga upya nakala niliyompa kabla ya msiba. Chini waliandika kwa herufi nyekundu kwamba damu ya vijana wetu haitaenda bure. Mama yake alikwenda sokoni na vitambaa vyake akipita mbele ya mwanawe kila siku, kona hadi kona. Sikumwona akisimama, wala akibadilisha njia. Mvua ikanyesha, karatasi zikaanza kubanduka, mtu akabandika tangazo la mganga juu ya mdomo wa kijana. Nilizibandua zile za karibu na studio kwa kisu cha rangi, na kucha zangu zikanuka gundi wiki nzima.

Mheshimiwa alishinda, jina likawa lake kweli. Haukupita muda akahamia chama kilekile ambacho askari wake walivunja mikutano yetu. Alisema ni kwa ajili ya maendeleo ya watu wake. Akaniita nikampige picha akipokewa, na dereva aliyetumwa kunichukua akaniambia kitabu cha njiti za kiberiti kiko garini, Mheshimiwa ameshachagua ukurasa. Sikwenda. Nilirudia harusi na matanga yangu. Nilipoulizwa mtaani kwa nini sionekani tena kwenye siasa, nilisema tumbo langu si zuri, na haukuwa uongo.

Muhula wake ulipokwisha watu walimwangusha. Baada ya hapo sikumsikia, mpaka mchana mmoja wa Jumapili nilipokuwa natoka kwenye ubatizo, kamera bado iko shingoni, nikaona gari lake limesimama mbele ya kinyozi. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya koti.

"Unakufa ganzi," akaniambia, bila hata salamu ya maana. "Nimeenda hospitali zote, hawaoni kitu. Wazee nyumbani wameniambia nitafute mkono wangu ulipo. Ni kweli yule mama aliuzika?"

Huyu mtu hakupata nafasi ya kufika hospitalini, wala matangani, wala kupita tu mtaani kusema pole. Kwa kijana hakuja. Kwa mkono alikuja. Ningeweza kumwambia sijui, akaondoka. Nilimpeleka, kwa sababu nilitaka mama asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Nyumba ya mama ilikuwa vilevile, vitambaa vyeupe kwenye kila kiti, na ukutani ile picha ya jeneza ndani ya fremu, pengo lake begani. Mheshimiwa aliketi kwenye ncha ya kochi. Hakuinua macho kuitazama. Alizungumza juu ya mvua, juu ya siku nyingi, juu ya yule kijana wetu aliyekuwa mtu wa maana sana. Mama aliendelea kufuma. Mwishowe Mheshimiwa akajikaza.

"Mama, kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe. Nataka tu kujua. Mkono wangu uko kaburini?"

Mama akaweka chini sindano yake. Akavuta mkebe wa nyuzi, akaondoa nyuzi nyeupe, akaondoa za manjano, na chini kabisa akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake ulikuwepo ule mkono, umekatwa kidole kwa kidole, safi kama siku niliyouosha.

"Sisi hatuziki mtu akiwa hai," akasema. "Na kitu cha mtu hatutupi. Huwekwa mpaka mwenyewe achukue. Ungekuja matanga, ungechukua siku hiyo."

Mheshimiwa aliupokea kwa mkono wa kushoto. Akaugeuzageuza, akapumua, kisha akacheka kama mtu aliyefutiwa kesi. Akatoa kitambaa cheupe, akaufunga ndani, akautia mfuko wa ndani wa koti. Chai aliyotupa mama ilipokwisha, Mheshimiwa alikuwa amerudi kuwa yuleyule. Aliuliza vijana wa mtaa huu siku hizi wako upande gani. Alisema anafikiria kusimama tena. Halafu akaniona, akaona kamera, na macho yakamng'aa.

"Hebu tupige moja na mama. Watu waone tumepatana."

Akasimama kando ya kiti cha mama, akavuta tumbo ndani, akainua kidevu. Mkono wa kulia, ule uliokufa ganzi, ukatoka ndani ya koti bila shida yoyote, ukaivuta saa nyuma kidogo, ukaanza kuelekea begani kwa mama.

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshika sindano yake tena.

"Mkono weka mfukoni," akasema.

Mheshimiwa alicheka, akanitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera, na sikuliondoa. Mkono ulibaki hewani, haujui pa kwenda. Mama alivuta uzi, akafuma, akavuta tena. Kisha mkono ukashuka taratibu, ukaingia mfukoni, nikapiga.

Ndiyo picha pekee ya Mheshimiwa niliyoibandika kwangu, kati ya zile nilizorithi kwa baba. Mama ameinamia kazi yake, juu yake mwanawe anacheka ndani ya fremu, na kando kuna mwanamume aliyeinua kidevu na kuficha mkono. Wageni wakiuliza yule ni nani, huwaeleza nikianzia kwa mama.